Ukiletewa habari ya ndege ya jeshi iliyopotea

Sisi tunaofanya kazi Doha tuna kazi ya pili isiyo na mshahara: kuwajibu watu wa nyumbani. Ghuba ikichafuka tu, simu inaanza kulia. Usiku wa tarehe 23 Juni 2025, Iran iliporusha makombora kuelekea Al Udeid, kambi ya kijeshi ya huku walipo Wamarekani, tuliyaona kwa macho yetu yakidunguliwa juu ya mji, na tangu hapo siwezi tena kumwambia shangazi yangu wa Likoni kwamba mambo ya vita yako mbali na mimi.

Katika ninayoletewa, kuna tetesi moja isiyokoma: ndege ya Marekani ya kuwajazia wenzake mafuta angani imepotea. Huja na picha ya skrini ya ramani ya ndege, alama yake imekatikia baharini au jangwani, na sauti ya mtu asiyejitaja jina akisema imetunguliwa na wakubwa wanaficha. Juu kabisa ipo ile mishale miwili ya WhatsApp inayokuonyesha ujumbe umeshapita mikono mingi. Basi nikupe ninavyoikagua mimi, labda na wewe una shangazi.

Anza na ramani, maana ndiyo inayowatisha watu. Tovuti za kufuatilia ndege, kama Flightradar24 na ADS-B Exchange, hazikai zikiwinda ndege kwa rada. Ndege hujitangaza yenyewe: kifaa chake kiitwacho transponda hutuma mahali ilipo, kimo na kasi, na mawimbi hayo hunaswa na antena, nyingi zikiwa za watu wa kawaida waliozifunga juu ya mapaa ya nyumba zao. Palipo na antena nyingi ramani inajaa ndege. Katikati ya bahari au jangwani antena ni haba, na hata ndege ya abiria huweza kukatika kisha ikaibuka mbele ya safari. Ikishuka kutua nayo, antena za mbali haziipati tena. Ramani inaishia na ndege ikiwa futi elfu chache, mtu wa Facebook anatangaza imeanguka, kumbe wenyewe wameshashuka ngazi wanatafuta chai.

Ya jeshi ina lake zaidi. Rubani akitaka huzima matangazo hayo, na akikaribia eneo la kazi ni kawaida kuyazima. Halafu kuna kuvurugwa kwa GPS. Juni hiyo hiyo ya 2025, meli zilizokuwa karibu na Mlango wa Hormuz zilionekana kwenye ramani zikiwa nchi kavu. Ikiwa meli inaweza kupandishwa jangwani na mawimbi mabovu, mstari wa ndege uliokatika ghafla haunikoseshi usingizi.

Sasa fanya hivi. Ukitazama vizuri ile picha, mara nyingi utakuta namba ya transponda yenye herufi na tarakimu sita. Za jeshi la Marekani nyingi huanza na AE. Iandike hiyo. Usihangaike na jina la safari, kwa sababu hilo hubadilika, leo hivi kesho vile, ilhali namba hubaki na ndege. Kisha angalia saa. Ramani hizi hutumia saa ya dunia, iliyo nyuma ya Doha na Mombasa kwa saa tatu: ukiona 18:00, kwetu ilikuwa saa tatu usiku. Picha nyingi za "sasa hivi" nikizipigia hesabu huwa zimeshalala, nyingine ni za mwezi uliopita. Mwisho, subiri kesho yake uitafute ile namba ADS-B Exchange, ambao hawafichi ndege za jeshi kama wengine wanavyofanya. Mara nyingi iliyopotea jana utaikuta inazunguka angani bila wasiwasi.

Huko kuzunguka nako kumezaa tetesi zake. Ndege hizi kazi yao ni kungoja wateja. Huchora duara refu mahali pamoja kwa saa nyingi, ndege za kivita zikija zikijazwa na kuondoka. Asiyejua akiona ile michoro anaandika kwamba wanamtafuta mwenzao aliyeanguka. Nyuma kabisa ya KC-135, aina mojawapo ya ndege hizi za mafuta, kuna askari aliyelala kifudifudi, uso unaangalia ilikotoka ndege, mkononi anaongoza bomba hadi liingie kwenye tundu la ndege iliyo mita chache chini yake. Ndiyo kazi wanayoifanya humo ndani ya lile duara. (Mimi nisingeiweza, na mgongo huu.)

Namba 7700 nayo, ukiiona kwenye ramani, isikutishe mno. Ni alama anayoituma rubani kwa dharura ya aina yoyote: injini, moshi, hewa ya ndani, mgonjwa. KC-135 ya mwisho kutoka kiwandani ilitoka mwaka 1965. Ndege ya umri huo ikiomba nafasi ya kutua mapema, sioni ajabu. Picha za moto ndiyo usiseme. Hizo nazirudisha kwenye utafutaji wa picha wa Google, na moto wenyewe nakuta ni wa nchi nyingine, mwaka mwingine.

Shangazi aliniuliza swali zuri lakini: kwani hazipotei kweli? Zinapotea. Sisi wa pwani hii tunalijua hilo, kwa sababu kipande cha bawa kilichookotwa Pemba mwaka 2016 kilithibitishwa kuwa cha MH370, ndege ya abiria ya Malaysia iliyotoweka Machi 2014. Na ndege za mafuta zenyewe zimewahi kupotea. Tarehe 28 Agosti 1963, KC-135 mbili zilizoruka kutoka Homestead, Florida, hazikurudi. Watu 11 walikufa na mabaki yalipatikana Atlantiki. Zilikuwa zimegongana. Lakini waandishi wa hadithi za Pembetatu ya Bermuda, eneo la bahari linalodaiwa kumeza ndege na meli, wakaja na yao: kwamba mabaki yalikuwa sehemu mbili, zaidi ya kilomita 250 kutoka moja hadi nyingine, sasa zingegonganaje? Miaka ilipita hadi mkutubi mmoja wa Arizona, Lawrence Kusche, alipokwenda kuisoma ripoti ya jeshi. Yale "mabaki" ya pili meli ya uokoaji ilikuwa imeyafikia na kuyatazama: mwani na magogo yaliyojisokota kwenye boya kuukuu. Ripoti ilikuwepo muda wote, ila hadithi ilikuwa tamu zaidi.

Kwa hiyo hoja ya "wanaficha" huwa naipima na Kirgizia. Tarehe 3 Mei 2013 KC-135 iliyotoka kambi ya Manas, ikipeleka mafuta upande wa Afghanistan, ilivunjikia hewani karibu na kijiji cha Chaldovar, wote watatu wakafa. Siku ile ile wanakijiji walikuwa wameona moshi, picha zilikuwa mtandaoni, na serikali ya huko ilikuwa inazungumza. Ndege hii huweza kubeba hadi tani 90 hivi za mafuta. Ikianguka karibu na watu, utapata zaidi ya sauti moja ya WhatsApp.

Baharini ni tofauti, huko uthibitisho huchelewa. Hapo mimi hutafuta mambo mawili: tangazo la kamandi ya jeshi la Marekani ya eneo hili, CENTCOM, na dalili za msako, yaani ndege na meli za uokoaji zikijazana mahali pamoja. Nikivikosa vyote, namwandikia shangazi: "Shikamoo shangazi. Mie mzima, nimetoka kazini sasa hivi. Habari ya ndege hakuna aliyeithibitisha, usiitume kwa kina bi Mwana mpaka nikwambie." Hiyo ya kwanza ya uzima ndiyo aliyokuwa akiitaka tangu mwanzo. Maelezo ya transponda huwa hayamalizi kusoma.

Na ikitokea kweli? Jeshi la Marekani kwa kawaida hungoja saa 24 baada ya kuziarifu familia ndipo litoe majina ya waliokufa. Katikati ya muda huo orodha za uongo huzagaa, pengine na picha za vijana walio hai. Ukiletewa orodha kabla ya wenyewe kutangaza, ifute, na aliyekutumia mwambie naye aifute.