Mizani imegoma baada ya kuacha wanga

Swali: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 34. Wiki tatu zilizopita niliacha kabisa wanga: nafaka, viazi, maharage, hata matunda. Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu. Tangu hapo mizani imegoma, kichwa kinauma na choo napata kwa shida. Kuna mtu anauza unga wa kusafisha mwili, anasema kuna sumu imeganda tumboni. Niutumie?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiutumie. Swali hili hunifikia karibu kila wiki, na halikosi zile kilo za mwanzo zilizoyeyuka kama mzaha, kwa hiyo nianze nazo.

Sehemu kubwa yalikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, akiba iitwayo glikojeni. Kwa mtu mzima hufika kama gramu 500, na kila gramu hushikana na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga, akiba hiyo huliwa ndani ya siku chache, na maji yake hutoka kwa mkojo pamoja na chumvi. Huenda kichwa chako kinauma kwa sababu hiyo. Siku utakayorudia wanga maji yatarudi, nawe utadhani umenenepa.

Piga hesabu mwenyewe. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kilokalori 7,700 hivi. Ili upoteze kilo tatu za mafuta kwa siku saba, ungehitaji kupunguza kilokalori 3,300 kila siku. Watu wazima wengi hawatumii nishati kiasi hicho kwa siku, hata wakishinda na kulala na njaa. Mafuta hupungua polepole. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na maji yanayopanda na kushuka mwilini huweza kuuficha usiuone kwenye mizani.

Kuhusu choo: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Umefukuza maharage, matunda na nafaka, halafu unashangaa tumbo kufunga! Virudishe. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo nafaka isiyokobolewa au viazi, robo iliyobaki maharage, samaki, mayai au nyama. Kunywa maji. Cha kupunguza ni sukari ya kuongezwa na vinywaji vyake.

Sasa huo unga. Muulize muuzaji sumu hiyo inaitwaje, na ni kipimo gani cha maabara kilichoiona. Nimeuliza miaka mingi, sijawahi kutajiwa hata moja. Figo zako huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, na nyingi hurudishwa kwenye damu. Ini nalo hubadilisha kemikali zenye madhara ili zitoke. Kazi hiyo inafanyika usiku na mchana bila kopo la mtu yeyote. Bidhaa nyingi za namna hii huwa na dawa ya kuharisha ndani yake. Unaharisha, mizani inashuka, unaamini umesafishwa. Ulichopoteza ni maji na madini, ikiwamo potasiamu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Wanaponiambia "lakini ni mitishamba, haina madhara", hapo ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Ini huweza kuumizwa na mitishamba pia, na nimekaa na wagonjwa waliogundua hilo wakiwa tayari macho yamekuwa ya njano.

Wanaonitisha zaidi ni wenye kisukari. Anayechoma insulini akiacha wanga ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari yaweza kushuka hadi akazimia. Mwingine huambiwa na muuzaji aache dawa kabisa, unga utamtibu. Kama unatumia dawa za sukari, presha au figo, usibadilishe mlo kwa kiasi hiki kabla ya kuzungumza na anayekutibu. Na kama kopo umeshalifungua, lipeleke hospitali lilivyo, na kibandiko chake, hasa ukiona mkojo mweusi, macho ya njano au moyo kwenda mbio.