Re: Chuo kipi kitalipa kwa shahada ya masoko?

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, binti yako kapata nafasi vyuo viwili hapo Texas, cha serikali na cha binafsi, vyote shahada ya masoko, na ada zimewachanganya.

Ada iliyotangazwa iweke kando kwanza, hasa ya chuo binafsi, inatisha bure. Fungua College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya kulinganisha vyuo, tafuta gharama ya mwaka baada ya ruzuku, kisha shuka hadi kundi la kipato kama chenu (la chini kabisa ni dola 0 hadi 30,000). Kwa chuo cha serikali, namba hiyo ni ya wakazi wa jimbo.

Humo humo, mshahara wa wahitimu wa chuo kizima usikudanganye, wahandisi na manesi wanaupandisha. Ingia fani ya masoko yenyewe, uangalie na deni wanalomaliza nalo. Sisi kwa kijana wetu pengo la mshahara lilikuwa dogo mno, la deni ndilo lililotuamulia. Wanaohesabiwa humo ni waliopata msaada wa serikali kuu tu, hivyo mwenye viza ya masomo hayumo.

Barua za msaada wa ada zinazotumwa na vyuo zisome taratibu. Ile ya kwetu ilipanga mikopo chini ya ruzuku, jumla moja, ungedhani zote ni za bure. Toa mikopo ndipo ulinganishe.