Jibu: CT scan ya sainasi inauma?

Dada, umeuliza kama CT scan ya sainasi, yaani picha za eksirei za matundu ya hewa yaliyo kwenye mifupa ya uso karibu na pua, inauma, maana umetishwa kwamba utaingizwa kwenye bomba refu. Haiumi hata kidogo. Hilo “bomba refu” ni la MRI, kipimo kingine kinachotumia sumaku. Mashine ya CT ni kama pete kubwa, kichwa kinapita katikati na miguu inabaki nje. Utavua hereni, miwani, pini za nywele, na meno ya bandia kama unayo, kisha unalala chali na kutulia tuli. Picha zenyewe ni sekunde chache tu. Foleni ya mapokezi ndiyo itakayokuchosha. Mara nyingi hupigwi sindano ya dawa ya kufanya picha ionekane vizuri zaidi wala huambiwi ufunge kula, isipokuwa daktari akishuku uvimbe au usaha uliosambaa kuelekea jichoni. Mionzi ipo, ingawa kidogo, kwa hiyo kama una mimba au unahisi unayo, waambie kabla hujapanda kitandani.