Jibu: Gesi ya Ziwa Kivu na asidi ya kupasua miamba

Ndugu, umeuliza kama kupasua miamba kwa asidi kungesaidia kuvuna gesi yetu ya Kivu. Hapana, na wanaosema hapa Goma kwamba ziwa litamwagiwa asidi wanatisha watu bure. Methani, ndiyo gesi yenyewe ya Kivu, imeyeyuka ndani ya maji ya kilindini. Kule KivuWatt, mtambo wa umeme wa gesi upande wa Rwanda, mabomba huyapandisha maji hayo, presha inapungua, gesi inajitenga. Hakuna mwamba wa kupasua.

Asidi ni ya gesi iliyobanwa kwenye mawe ya chokaa au dolomiti, jiwe la jamii hiyo hiyo. Kimiminika kinachosukumwa kwa presha hupasua mwamba, kisha asidi ya haidrokloriki, mara nyingi ya asilimia 15 hadi 28, hula kuta za ufa. Haizili sawasawa, na hapo ndipo penye faida: vinabaki vijibonde, hata ufa ukijibana gesi ina pa kupita. Ukidondoshea jiwe la chokaa asidi hiyo, linatoa povu papo hapo. Jiwe letu jeusi la volkano ya Nyiragongo halifanyi hivyo. Lakini kasi hiyo ndiyo taabu yenyewe, maana kwenye joto la huko chini ardhini asidi huisha nguvu kabla ya kufika mbali. Kwa hiyo mafundi huifanya nzito kama jeli, au huichanganya na mafuta, ichelewe kula.

Kwenye mawe ya mchanga haifai. Huko ufa hushikiliwa wazi kwa chembe za mchanga zinazosukumwa ndani yake.