Nani Atamwagilia Bustani Shule Ikifungwa?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi iliyo katikati ya mji. Tulianzisha bustani ya mboga kando ya ukuta na wanafunzi wakaipenda sana, lakini baada ya likizo tulikuta magugu na miche iliyokauka. Wazazi na majirani wamejitolea kusaidia. Tuwashirikishe vipi bila kuwaelemea wachache? Tena, mahali hapo zamani palikuwa gereji. Je, udongo wake unafaa?

JIBU: Mwalimu, niruhusu nianze na swali lako la pili, kwa kuwa linagusa afya ya watoto. Udongo wa mahali palipokuwa gereji unaweza kuwa na madini ya risasi yaliyotokana na betri, rangi na petroli ya zamani. Madini hayo hayaozi, bali hukaa ardhini miaka mingi, na hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiingia mwilini kwa kiasi kidogo. Mara nyingi humfikia kupitia vumbi linaloganda kwenye majani na chini ya kucha, kuliko kupitia mizizi ya mboga. Pelekeni sampuli ya udongo maabara. Wakati mnasubiri majibu, jengeni matuta ya juu yenye kingo za matofali au mbao mpya, mtandike kitambaa kizito chini, kisha mjaze udongo safi uliochanganywa na mboji hadi kimo cha sentimita 30. Msitumie mataruma ya reli, kwani mbao hizo hutiwa dawa yenye sumu. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo bustanini.

Ama kuhusu majirani, kujitolea kusikokuwa na mpango huishia kumwangukia mtu mmoja. Nawashauri mfuate mfumo wa hisa, ambao ulienea Japani katika miaka ya 1970 na kuanza Marekani mwaka 1986: kaya hulipa kabla ya msimu, hupokea fungu lake la mavuno kila wiki, na mavuno yakiwa haba wote hupata kidogo. Shuleni kwenu hisa inaweza kulipwa kwa kazi. Kaya iliyopangiwa wiki ya pili ya likizo itamwagilia na kupalilia, na kitakachokomaa wiki hiyo kitakuwa chake. Andikeni mapatano kabla ya kupanda: nani atunze ufunguo wa lango, nani alipie maji, na jiko la shule lipate fungu gani.

Pangeni pia tarehe za kupanda kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kufunga shule. Mchicha huvunwa ndani ya wiki chache, lakini nyanya huchukua miezi, na mtoto asiyeonja alichokipanda hupoteza hamu. Siku ya mwisho wa muhula, wanafunzi wafunike matuta kwa matandazo ya nyasi kavu ili unyevu udumu.

Na nakusihi, Mwalimu, palizi isitumike kamwe kuwa adhabu ya wachelewaji.