Bibi na kibatari: namna ninavyopiga giza kwenye stopu-mosheni

Filamu yangu ya pili ya stopu-mosheni (vikaragosi vya plastisini, ule udongo laini wa kuchezea, unavisogeza kidogo kidogo na kupiga picha moja moja) ina tukio moja tu la usiku. Umeme umekatika, bibi kakaa kwenye mkeka, kibatari mbele yake, mjukuu kamlalia mapajani. Sekunde nane. Kwa picha 12 kila sekunde, hizo ni picha 96, nikajiambia Jumamosi moja inatosha kabisa. Zilipita wiki tatu. Nililipiga tukio lile mara tatu, chumbani kwangu Mbagala, dirisha limezibwa kwa kaniki na joto la Februari halina huruma. Feni usiiwashe, maana inapeperusha kanga ya bibi.

Kosa langu la kwanza ni la kila anayeanza: nilitaka giza, basi nikazima taa. Nikabaki na tochi ya simu, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 ili ipate kuona. Kwenye kioo kidogo cha kamera ilipendeza. Nilipoifungua kwenye laptopu, ukuta wa nyuma ulikuwa unachemka chenga kama televisheni iliyoanguka antena. Na kwa kuwa kila picha ina chenga zake, zikipita 12 kwa sekunde mtazamaji anaangalia ukuta badala ya bibi.

Wenzetu wa video wana haraka kwa sababu watu wao wanatembea. Kikaragosi hapepesi hata jicho mpaka umguse. Kwa nini basi tukimbizane na shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga? Siku hizi naweka ISO 100, nabana tundu la lenzi kwenye f/8 hivi ili bibi na kibatari wote wasiwe na ukungu, halafu naiacha shata wazi sekunde mbili, wakati mwingine nne. Chenga zinakwisha. Vinabaki vidoa vichache vyekundu na vyeupe ambavyo haviondoki mahali pake, na kamera ikipata joto vinaongezeka. Kwa Dar hilo si jambo dogo. Naipumzisha kamera kila ninapopanga upya seti, na mwisho wa kazi napiga picha moja kifuniko kikiwa juu ya lenzi, kwa muda uleule wa shata. Kidoa kitakachotokea humo ni cha kamera, nakifuta kwenye programu.

Sasa mwanga wenyewe. Nilichokuja kukielewa ni kwamba usiku wa kwenye skrini unahitaji taa za kutosha, ila zisitoke mbele. Taa ya mbele inaonyesha kila kitu, na ukiipunguza inaonyesha kila kitu kwa ufifi, ndiyo maana picha inaonekana chafu tu. Mimi nimeweka taa moja juu, nyuma ya bibi kidogo upande wa kushoto, kana kwamba mbalamwezi inaingia dirishani. Inapita kwenye ukingo wa kanga, bega, pua kidogo, kisogo cha mjukuu. Mstari huo mwembamba unatosha kumwambia mtu kwamba hapa kuna watu wawili. Kilichobaki kiache kizame. Nilikata kadibodi nyeusi nikazisimamisha pembeni kuzuia mwanga usimwagikie ukutani, na hizo kadibodi zilinisaidia kuliko taa yoyote niliyowahi kununua.

Rangi haina gharama. Balbu za LED pale Kariakoo zimeandikwa kwenye boksi rangi ya mwanga wake kwa kelvini (K): 6500K ni ile nyeupe kali, 3000K ni ya manjano. Kwenye kamera, toa mizani ya rangi (white balance) kwenye otomatiki, iweke 4000K uiache hapo. Ile nyeupe inageuka bluu, ya manjano inageuka chungwa. Tayari una mbalamwezi na kibatari bila kutafuta karatasi za rangi. (Ndiyo, mbalamwezi ya kweli ni mwanga wa jua uliogonga mwezi, haina bluu hiyo. Lakini sinema zimeshatuzoesha hivyo, na mimi sina nguvu ya kubishana na miaka yote hiyo.)

Kibatari cha kweli usijaribu. Ndani ya sekunde mbili ulimi wa moto unakuwa doa tu, moshi unapaka seti masizi, na plastisini inaanza kulainika. Pua ya bibi yangu wa kwanza iliishia kidevuni. Nilichukua taa ndogo ya LED ya manjano nikaificha ndani ya kizibo cha soda, waya nikaupitisha kwenye tundu la meza. Ulimi wa moto ni karatasi ya pipi ya rangi ya chungwa. Nilikata maumbo sita nikawa nayabadilisha bila mpangilio.

Halafu kuna mbinu moja ambayo laiti ningeijua mapema. Kila mkao wa bibi naupiga mara mbili: picha ya kwanza mbalamwezi peke yake, ya pili kibatari peke yake. Picha 96 zinakuwa 192, mgongo unalalamika. Lakini mwanga una tabia ya kujumlishika, kwa hiyo ukizilaza picha hizo mbili juu ya nyingine kwenye programu na kuzijumlisha, unapata kama vile taa zote ziliwaka pamoja. Tofauti ni kwamba sasa unaweza kupandisha kibatari na kukishusha picha kwa picha, kikapepea kama kimepigwa na upepo, na mbalamwezi isitikisike. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, la sivyo vivuli vitakatika mafungumafungu.

Kupepea huko ni kwa makusudi. Kulikonitesa ni kule kusiko kwa makusudi. Mara ya pili nilipopiga, tukio zima lilikuwa linapumua, mara jeupe mara jeusi. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani unapanda na kushuka mara 50 kila sekunde, na kumetameta huko kwa haraka shata ndefu inakumeza. Shida ni volti zinazopanda na kushuka taratibu: jirani akiwasha pasi, balbu yangu inazimia kidogo, na kwenye picha ya giza, kidogo hicho kinaonekana sana. Nikahamia kwenye taa za mkanda za volti 12, zile wanazopamba nazo bajaji, nikaziunga kwenye betri ya pikipiki. Mwanga ukatulia. Angalia tu, betri iliyojaa ina takriban volti 12.7 na inashuka kadiri inavyotumika, na taa zinashuka nayo. Ukiweza tafuta kifaa cha kushikilia volti. Mimi nilikuwa napiga saa moja, nachaji, narudi.

Kupumua kulipungua, hakukwisha. Mchawi wa pili alikuwa lenzi. Lenzi ya kisasa hufungua na kufunga tundu lake kwa kila picha, na hairudi palepale kwa usahihi wote. Dawa ni lenzi ya zamani ambayo tundu lake unalipanga kwa kuzungusha kwa mkono, na pete ya kuifungia kwenye kamera. Hapo ndipo tukio likakaa kimya.

Mchawi wa tatu nilikuwa mimi. Picha kama 30 hivi, shavu la bibi lilikuwa jekundu. Nilihangaika na balbu nusu siku kabla ya kujitazama: nilikuwa nimevaa jezi, na timu sitaitaja, lakini haikuwa ya njano. Sasa nafanya kazi na fulana nyeusi, nasimama sehemu ileile kila ninapobonyeza, na skrini ya laptopu naigeuzia ukutani.

Filamu ilipokamilika nilimtumia dada yangu. Akaifungua mchana kwenye daladala, simu imepunguzwa mwanga kubana chaji. Jibu lake: "Mdogo wangu, sauti ya bibi naisikia, mwenyewe yuko wapi?" Nikatoka nje na simu yangu, nikaiangalia juani. Kweli, kulikuwa na kibatari kinaelea. Kwa vile mbalamwezi ilikuwa kwenye picha zake peke yake, sikuwasha hata taa moja: nilipandisha ule ukingo wa kanga na bega, ukuta nikauacha na weusi wake, nikamtumia tena. Safari hii aliniuliza kwa nini bibi hana ndala.