Maswali ya wasomaji: Mzee akipumzishwa kupita kiasi

Mama yetu ana miaka 78. Tangu mwaka jana tumemwambia apumzike: hapiki, hafagii, hata maji ya kunywa analetewa. Sasa anashinda kitini kimya, na hainuki mpaka avutwe mkono. Wengine nyumbani wanasema uzee ndivyo ulivyo, mtu hujitenga. Ni kweli? – Msomaji, Tanga

Hoja hiyo ina historia. Mwaka 1961 Elaine Cumming na William Henry, kutokana na utafiti wa Kansas City, Marekani, walidai kwamba mzee na jamii huachana taratibu na kwamba hilo ni jambo la kawaida. Walipingwa mapema. Robert Havighurst alishikilia kuwa anayezeeka vizuri ni anayeendelea kushughulika. Baadaye Robert Atchley, katika maandishi yake ya 1989, akasisitiza mwendelezo: mtu hukaa vizuri akibaki na mambo yaliyomfanya awe yeye. Kwa mama yenu tungemfuata Atchley. Bingwa wa wali wa nazi ukimpa ususi wa ukili ili mradi asikae bure, umempa adhabu.

Kwa hiyo mrudishieni jiko, ila kwa vipande. Nazi akune mwingine, maana kibao cha mbuzi kiko chini mno na kuinuka pale kunataka nguvu za mapaja ambazo sasa hana. Yeye achambue mchele mezani, aonje tui, aseme chumvi imetosha au bado. Hilo la kuamua ndilo familia nyingi husahau kumwachia mzee.

Miguu nayo ina kazi yake. Tafuteni kiti kigumu chenye mikono, mkiegemeze ukutani. Asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele, kisha asimame na kukaa polepole mara 5, asubuhi na jioni. Akizoea, ongezeni mara 1 au 2 kila wiki. Mtu asimame karibu naye, lakini asimvute: anayevutwa mkono hutupa uzito nyuma, mapaja yakalala, na bega likaumia. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2007, wazee wenye afya njema walilala kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Mama yenu amekaa mwaka.

Ule ukimya pia msiupuuze. Kama umefuatana na kukosa usingizi au hamu ya chakula kwa zaidi ya wiki 2, aonwe na daktari. Sonona ya wazee hujificha nyuma ya neno "uzee".

Baba amepooza upande mmoja kwa kiharusi. Ametokewa na wekundu juu ya makalio. Tunasugua kwa spiriti ili damu itembee, na tumemnunulia mpira wa duara wa kukalia. Tuko sawa? – Msomaji, Mombasa

Acheni vyote viwili. Kusugua huumiza mishipa midogo ambayo tayari imebanwa, spiriti hukausha ngozi, na ule mpira huibana damu kuzunguka pale pale mnapopaokoa.

Bonyezeni kwa kidole sekunde chache. Mkiachia pakapauka kisha rangi ikarudi, bado mna nafasi. Pasipobadilika, kidonda kimeshaanza, na muuguzi apaone. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauaminiki: tafuteni sehemu iliyokoza rangi, yenye joto au ngumu kuliko ngozi ya jirani.

Mgeuzeni kila baada ya saa 2, usiku pia, na saa ziandikwe kwenye karatasi ukutani ili zamu zisibishane. Msimlaze ubavu kamili, maana mfupa wa nyonga nao utachubuka. Wekeni mto mgongoni aegemee kiasi cha nyuzi 30. Mto mwingine uwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vikae hewani kiasi cha karatasi kupita. Kumsogeza, mnyanyueni watu wawili kwa shuka iliyotandikwa chini yake. Mkimburuta, ngozi inabaki nyuma huku mfupa unasonga. Wakati wa kula akae wima, na abaki hivyo dakika 30 baada ya tonge la mwisho. Wengi wenye kiharusi hupaliwa.

Bibi, miaka 83, juzi alikuwa mzima. Leo anaongea na watu wasiokuwepo na hajui yuko wapi. Jirani anasema amerogwa. – Msomaji, Morogoro

Mpelekeni hospitali leo hii. Ugonjwa wa kusahau huja kwa miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa saa au siku chache mara nyingi kuna chanzo mwilini: maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, kukaukiwa maji, sukari kushuka, choo kilichoziba, au dawa mpya. Asipokuwa na homa msitulie, kwani wazee wengi huugua bila kuchemka. Bebeni dawa zake zote, hata za usingizi na za mafua mlizonunua dukani, na mwandike alikojoa lini mara ya mwisho. Miwani yake pia msiiache nyumbani: asiyeona vizuri huchanganyikiwa zaidi wodini.